Ndani ya Behewa, Kabla ya Reli

Juba haina reli. Anayekuja mjini hapa hupita barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule, au hupanda tishali kwenye Mto Nile, au hushuka na ndege. Lakini nchi yenyewe si ngeni kwa treni. Reli ya Sudan, ikitokea Babanusa, ilipita Aweil na kufika Wau mwaka 1962, na kwa miaka mingi ikawa njia ya wanafunzi, wafanyabiashara, askari na familia nzima za kwenda na kurudi Khartoum. Katika vita vya 1983 hadi 2005 njia hiyo ilitawaliwa na treni za kijeshi. Ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2010, ikawarudisha nyumbani watu wengi waliokuwa wakiishi kaskazini. Kisha ipo reli ya ahadi. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, ambao kwenye ramani yake reli inatoka Lamu, inapita Isiolo na kuishia Juba. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilizinduliwa Mei 2021. Reli ingali kwenye ramani.

Mji wa namna hii, wenye kumbukumbu ya treni upande mmoja na ahadi ya treni upande mwingine, ni mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo kwingineko huonekana la mchezo. Mtu akiketi na kompyuta yake akaamua kuunda ndani ya behewa, kwa undani, kuanzia viti hadi vitasa vya milango, anafanya nini hasa? Na kazi hiyo ina faida gani mahali ambapo hakuna behewa la kupanda? Tulichukue swali la kwanza kwanza.

Modeli ya kidijitali, kwa maana itakayotumika hapa, ni umbo la pande tatu linalohifadhiwa kwenye kompyuta kama orodha ya namba. Chembe yake ndogo kabisa ni kipeo, yaani nukta yenye namba tatu: moja ya urefu, moja ya upana, moja ya kimo. Vipeo viwili vikiunganishwa hufanya ukingo. Kingo tatu zikifunga eneo hufanya pembetatu, na pembetatu ndiyo uso mdogo kabisa ambao kompyuta huuchora. Meza, dirisha, mto wa kiti na bomba la choo, vyote hatimaye ni pembetatu zilizopangwa pamoja. Programu za kufanyia kazi hii zipo za kulipia na zipo za bure. Blender na FreeCAD ni za bure, na ukishazipakua hazidai intaneti, jambo ambalo kwa mtu wa Juba si dogo.

Tofauti ya modeli na mchoro iko kwenye zile namba. Mchoro humwonyesha mtazamaji upande mmoja, na kisichoonekana hakihitaji kuwapo. Modeli lazima iwe na nyuma ya kiti, chini ya kitanda na unene wa mlango, kwa sababu mtazamaji anaweza kuzunguka akaenda kutazama. Mchoraji akikosea, kosa hufichika kwenye kivuli. Mwenye modeli akikosea upana wa meza, mlango wa kabati unaligonga goti la mtu aliyeketi, na kila anayeingia analiona.

Hatua ya kwanza ni ganda, na hapa ndipo wanaoanza hupotea. Wengi huanza na geji, yaani umbali kati ya reli mbili ukipimwa kutoka uso wa ndani wa moja hadi uso wa ndani wa nyingine. Sudan Kusini imezungukwa na geji tatu. Njia ya Wau, kama reli kuu za zamani za Sudan, ni ya milimita 1,067. Njia ya Uganda inayopita Gulu kuelekea Pakwach ni ya milimita 1,000, urithi wa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Na reli mpya za Kenya na Tanzania, zile ambazo watu wote sasa huziita SGR, ni za milimita 1,435. Ni rahisi kudhani kwamba geji ikiwa finyu behewa nalo litakuwa finyu, na kwamba ukijua geji umeshajua chumba.

Sivyo. Upana wa behewa huamuliwa na kitu kingine, nami nitakiita mpaka wa upenyo: umbo la nafasi ambalo hakuna sehemu ya behewa inayoruhusiwa kulivuka, ili lisigonge jukwaa la stesheni, nguzo ya daraja, ukuta wa handaki wala treni inayopishana nalo. Japani inaonyesha jambo hili vizuri. Treni za abiria za aina ya E233 zinazozunguka Tokyo hupita kwenye geji ya milimita 1,067, ileile ya Wau, na zina upana wa milimita 2,950. Uingereza, yenye geji pana ya milimita 1,435, ina behewa mashuhuri la Mark 3 lenye upana wa takribani milimita 2,740 tu. Waingereza walijenga madaraja na mahandaki yao mapema katika karne ya 19, wakati mabehewa yalikuwa madogo, na tangu hapo wamebanwa na matofali ya babu zao. Wachina, kwa geji hiyohiyo ya Uingereza, wana mabehewa ya aina ya 25G yenye upana wa takribani milimita 3,105.

Kwa hiyo ganda la modeli haliwezi kuanza kabla mtu hajajua behewa lake linapita katika mpaka gani wa upenyo. Akishajua upana wa nje, anaondoa unene wa kuta. Ukuta wa behewa si bati tupu: una bamba la nje, mbavu za chuma, kizuia joto, nyaya, na paneli ya ndani. Kwa ajili ya hesabu yetu tuchukue milimita 125 kila upande. Behewa la milimita 3,105 linabaki na chumba cha milimita 2,855. Behewa la milimita 2,740 linabaki na 2,490.

Sasa tupange viti. Tukikipa kila kiti milimita 460, viti vitano vya kukaa bega kwa bega vinakula 2,300. Katika chumba kipana, njia ya katikati inabaki na milimita 555: mtu anapita, begi lake analitanguliza mbele au analiburuta nyuma. Katika chumba chembamba inabaki na milimita 190, na hapo hapiti mtu. Chumba hicho kitachukua viti vinne, viwili kila upande, na njia ya milimita 650. Hesabu hii ya mistari michache ndiyo inayoeleza kwa nini abiria wa daraja la kawaida wa Madaraka Express, treni iliyoanza safari kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017, huketi watatu upande huu na wawili upande ule, wakitazamana. Mabehewa yake ni ya ukoo wa yale ya Kichina, na daraja hilo hubeba watu 118 kwa behewa. Aliyewahi kukalia kiti cha kati katika wale watatu, kutoka Mombasa hadi Nairobi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hadi hapa tumepima chuma. Bado hatujampima mtu, na modeli ya ndani ya behewa isiyo na mtu ndani yake haijakamilika hata kama imepakwa rangi. Waundaji hutumia umbo la mtu, lenye viungo vinavyokunjika, ambalo huketishwa, husimamishwa na kulazwa mahali mbalimbali kuona linagusa wapi. Programu nyingi huja na umbo kama hilo likiwa tayari. Lakini umbo hilo lina urefu fulani, na urefu huo ulichaguliwa na mtu fulani kwa kufikiria watu fulani.

Tulilete umbo hilo Sudan Kusini. Mwaka 1953 na 1954 watafiti walipima wanaume 52 wa Dinka Agaar wakapata wastani wa sentimita 182.6, na wanaume 227 wa Dinka Ruweng wakapata sentimita 181.3. Ni vipimo vya zamani na vya jamii moja. Nchi ina makabila mengi, na si kila mtu ni mrefu. Hata hivyo vinatosha kwa jaribio. Tuseme kitanda cha behewa la kulala kimewekwa kukingama upana wa behewa, na urefu wake ni milimita 1,850. Mwanaume wa wastani katika wale 52 angebakiwa na milimita 24, upana wa kidole gumba. Mtu akilala chali nyayo zake hunyooka, na mto nao unataka nafasi yake. Zile milimita 24 zimekwisha. Na wastani maana yake ni kwamba karibu nusu ya wanaume wale walikuwa warefu zaidi ya hapo. Wangelala wamejikunja usiku kucha. (Marehemu Manute Bol, mcheza kikapu mwenye asili ya Turalei na urefu wa sentimita 231, tumwache nje ya hesabu, hakuna behewa lililoundwa kwa ajili yake.) Kitanda kikiwekwa kwa urefu wa behewa, kikifuata mwelekeo wa reli, tatizo hilo linaondoka, lakini idadi ya vitanda inapungua. Modeli haimwamulii mtu. Inamwekea bei mezani.

Mwili wa pili wa abiria ni mzigo wake. Mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo hapa Juba hasafiri na mkoba wa kompyuta. Anasafiri na gunia, jerikeni, beseni na pengine kuku. Rafu ya juu ya kichwa, iliyoundwa kwa masanduku ya wasafiri wa ndege, haitaki gunia, na mwenye gunia haitaki rafu. Mzigo utakwenda sakafuni, kwenye njia ya katikati au chini ya kiti. Hapo mwenye modeli anagundua jambo ambalo picha ya tangazo haimwonyeshi: miguu ya viti ndiyo inayoamua. Kiti chenye miguu minne hugawa nafasi ya chini vipande vipande. Kiti kilichoshikizwa ukutani kwa mkono wa chuma huiacha sakafu wazi, gunia likaingia lote. Mkono huo lazima uwe mzito, na ukuta lazima uwe na ubavu mahali uliposhikizwa, kwa hiyo uamuzi kuhusu gunia unarudi hadi kwenye ganda.

Kuna pia kiti cha magurudumu. Nchi iliyopita katika vita virefu, na ambayo mabomu ya kutegwa ardhini yaliwakata watu miguu, haiwezi kulichukulia suala hili kama la pembeni. Kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa karibu milimita 650. Njia yetu ya milimita 555 hakipiti. Kugeuka mahali pamoja kinahitaji duara la takribani milimita 1,500, ambalo kati ya safu za viti halipo kabisa. Suluhisho ni kuondoa viti kadhaa karibu na mlango na kukiweka choo chenye mlango mpana upande huohuo, ili mtu asilazimike kuvuka behewa zima. Jaribio hili ni la dakika chache kwenye kompyuta. Likifanywa baada ya behewa kutoka kiwandani, ni la kukata vyuma.

Sasa tuingie kwenye neno tulilolitaja mwanzoni: undani. Behewa likitazamwa kutoka nje, liko mbali. Mtu aliyesimama kwenye jukwaa hutazama kichwa cha treni kutoka mita kadhaa, na kona iliyokatwa vibaya haionekani. Ndani mambo ni tofauti. Meza iko sentimita 40 kutoka machoni, dirisha linagusa bega, kitasa kiko mkononi. Ndiyo maana kuunda ndani ni kazi ngumu kuliko nje, ingawa wengi hudhani kinyume chake. Jambo moja dogo huonyesha ugumu huo. Hakuna kitu cha kweli chenye kona kali kabisa. Kila ukingo wa meza umeviringwa kidogo, labda milimita 2 au 3, kwa randa au kwa miaka ya viwiko vya watu. Uviringo huo hunasa mstari mwembamba wa mwanga. Ukiuacha, meza itaonekana ya karatasi hata kama vipimo vyake vyote ni sahihi, na mtazamaji hatajua kwa nini haiamini.

Lakini kila uviringo ni pembetatu zaidi. Kiti kimoja kilichoundwa kwa uangalifu kinaweza kufika pembetatu 4,000. Viti 118 ni pembetatu 472,000, kabla hatujahesabu dirisha hata moja. Waundaji wana njia mbili za kupunguza mzigo. Ya kwanza ni nakala rejea: kiti kinaundwa mara moja, na vingine 117 ni maagizo tu ya kusema kiti kilekile kiwekwe pale na pale. Kumbukumbu ya kompyuta hubeba kiti kimoja. Ukirekebisha mkono wake mmoja, vyote vinarekebika. Tahadhari ni kwamba kompyuta bado inalazimika kuvichora vyote, kwa hiyo nakala rejea huokoa kumbukumbu zaidi kuliko inavyookoa muda. Njia ya pili ni kuacha kuunda na kupiga picha. Skrubu iliyo kwenye paneli ya dari haihitaji kuwa na vipeo. Inatosha picha iliyobandikwa juu ya uso bapa, pamoja na picha ya pili inayoiambia kompyuta mwanga urudi kuelekea wapi, ili jicho lidhani kuna mwinuko. Mwenye kompyuta pakato ya kawaida, inayokula umeme wa jenereta au wa sola, hana budi kuzitumia zote mbili.

Mwanga wenyewe unastahili aya yake, kwa sababu ndani ya behewa mchana karibu mwanga wote huingia kwa madirisha. Mwundaji huiambia kompyuta jua liko wapi, na hapo jiografia inaingia. Juba iko karibu digrii 5 kaskazini ya ikweta. Mapema Aprili na tena karibu tarehe 10 Septemba, jua la adhuhuri hupita utosini. Saa hizo jua halipigi ndani ya behewa. Linapiga paa, na mwanga unaoingia ni ule uliokwisha kugonga ardhi na kurudi juu, wenye rangi ya udongo. Dari inapata wekundu, sakafu chini ya viti inakuwa giza. Asubuhi na jioni ni kinyume. Njia ya Babanusa hadi Wau inaelekea kusini kwa sehemu kubwa, kwa hiyo abiria wa upande wa mashariki alichomwa asubuhi na wa magharibi alichomwa alasiri. Modeli ikiwekewa mwelekeo huo na tarehe, inaonyesha ni saa ngapi kila kiti kinapigwa jua, na kwa hiyo ni upande gani abiria mwenye uzoefu angekimbilia.

Tumefika kwenye swali la ushahidi. Vipimo vinatoka wapi? Kama behewa lipo, mtu anakwenda na futi ya chuma. Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa mwaka 1971, na humo limehifadhiwa behewa linalofaa kabisa kwa somo hili. Juni 1900, kwenye stesheni ya Kima, msimamizi wa polisi wa reli Charles Ryall alilala ndani yake akimvizia simba mla watu, pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Usingizi ulimchukua. Kwa mujibu wa simulizi iliyoandikwa na J. H. Patterson katika kitabu chake cha 1907, behewa lilikuwa limesimama likiwa limeinama kidogo upande mmoja kwa kuwa njia ya pembeni haikuwa sawa. Simba alipoingia, uzito wake uliliinamisha zaidi, mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake, na akalazimika kutoka na Ryall kupitia dirishani.

Msimuliaji husimulia hayo kwa ajili ya simba. Mwenye modeli huyasoma kwa ajili ya mlango. Behewa likiinama ubavuni, mlango unaoteleza kwa urefu wa behewa hautasogea. Utakaosogea ni ule unaoteleza kwa kukingama upana wake. Kwa hiyo simulizi, ikiwa ni ya kweli, imeshatuambia mlango ulikuwa kwenye ukuta gani. Tunaweza kuendelea. Tukichukulia kwamba ukinzani wa njia ya mlango ni sehemu 1 kwa 20 ya uzito wake, mlango utaanza kuteleza wenyewe sakafu ikiinama karibu digrii 3. Kwenye sakafu ya upana wa mita 2.4, hiyo ni tofauti ya karibu sentimita 12 kati ya upande huu na ule. Ni nyingi kwa simba peke yake. Basi ule upande wa simulizi unaosema behewa lilikuwa limeshainama tangu mwanzo si pambo. Bila huo hadithi haisimami. Na kwa kuwa behewa lenyewe bado lipo, mwenye shaka anaweza kwenda kupima.

Behewa la Wau halina makumbusho ya namna hiyo karibu na Juba. Makao makuu ya Reli ya Sudan yako Atbara, na vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 vimefanya safari ya kwenda kutafuta michoro ya zamani kuwa jambo la kuhatarisha maisha. Zinabaki picha na watu. Picha ya nje ina rula ndani yake tayari: reli zikionekana, umbali kati yake ni milimita 1,067, na mwenye ujuzi wa mstari wa mtazamo anaweza kukadiria upana wa behewa na kimo cha dirisha kutokana na kipimo hicho kimoja. Picha ya ndani haina reli, kwa hiyo mtu hutafuta kitu chenye kipimo kinachojulikana, au huanza na dirisha ambalo nje ameshalipima.

Watu ni chanzo kizuri kuliko wanavyodhaniwa, mradi waulizwe ipasavyo. Juba imejaa wazee na watu wa makamo waliosafiri kwa treni ile. Ukimuuliza mmoja wao njia ya katikati ilikuwa na upana gani, atakujibu ilikuwa nyembamba, na hapo hujapata kitu. Muulize hivi: “Mzee, watu wawili wakikutana, mmoja alilazimika kujigeuza ubavu?” Muulize kama miguu yake iligusa ukuta alipolala. Muulize kama mama aliyeketi aliweza kumpokea mtoto kupitia dirishani bila kusimama, kwa kuwa madirisha yalikuwa mlango wa pili. Majibu ya maswali hayo hubadilika kuwa milimita. Mabega ya mtu mzima yana upana wa karibu sentimita 45 hadi 50. Wawili wakipishana bila kugeuka, njia ilikuwa na karibu mita moja. Wakisema wote waligeuka, ilikuwa chini ya hapo. Mashahidi kumi wakikubaliana, umepata kipimo chenye mpaka wa juu na mpaka wa chini, na wakitofautiana huenda walipanda madaraja tofauti, jambo ambalo nalo ni habari.

Tumeshafuata hatua za kutosha kulirudia swali la pili, la faida. Nadhani jibu linategemea kile ambacho modeli inaweza kukikataa. Picha ya kupendeza ya treni ya kesho hukubali chochote: viti vitano kwa upana, njia pana, kitanda kirefu, rafu tupu zinazong'aa. Modeli yenye vipimo vya kweli husema hapana. Inasema kiti cha magurudumu hakipiti, gunia haliingii, mtu huyu halali. Undani wenye thamani ni ule ulio mahali ambapo modeli inaweza kutoa jibu hilo: milango, njia, vitanda, choo, chini ya viti. Skrubu za dari, zinazomaliza usiku wa mwundaji na kupendeza kwenye kioo, hazina kitu cha kukataa, na mtu mwenye umeme wa kuhesabu azibandike picha aendelee.

Kwa kigezo hicho, mwundaji wa Juba anayetaka kuanza leo asianze na treni ya LAPSSET, ingawa ndiyo itakayompatia watazamaji wengi. Geji yake inajulikana, lakini mabehewa yake hayajaagizwa, na modeli ya kitu kisicho na vipimo inarudi kuwa picha. Angeanza na behewa la daraja la tatu la treni ya Wau, lile lililojaa watu. Lina geji inayojulikana, lina picha, lina mashahidi walio hai, na kila jibu lao linaweza kuikosoa kazi yake. Tena lina haraka yake: aliyekuwa na miaka 20 treni ilipofika Wau mara ya kwanza sasa amepita 80.

Kazi hiyo ikikamilika, itabaki faida ya pembeni ambayo wizara yoyote ingeweza kuitumia. Siku muuzaji wa mabehewa atakapokuja Juba na michoro yake, kutakuwa na modeli ya chumba ambacho watu wa nchi hii waliwahi kukitumia, pamoja na maelezo ya walivyoketi, walivyolala na walivyopitisha mizigo. Michoro yake itawekwa sambamba na chumba hicho kwa kipimo kilekile. Swali la kwanza la kumuuliza litakuwa upana wa mlango wa choo.